Kumtunza mzazi mzee wakati wa janga: mwongozo kamili

Dalili ya kwanza kwa mama yangu haikuwa homa wala kikohozi. Asubuhi ile nilimpigia simu kama kawaida, akaniuliza watoto wameamkaje, nikamjibu. Hazikupita dakika mbili akaniuliza tena, kwa maneno yale yale. Nilipofika kwake kipimajoto kilisoma 37.4, namba ambayo haimshtui mtu. Lakini daftari letu lilikuwa na vipimo vyake vya wiki mbili zilizopita: 36.1, 36.2, 36.0, 36.1. Kwake yeye, 37.4 ilikuwa homa. Tulikwenda hospitali siku ile ile na kipimo kikaonyesha korona.

Huwezi kujua kama mzazi wako amebadilika ikiwa hujui alivyo siku zote. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye jambo hilo.

Mifano mingi ni ya korona, kwa kuwa ndiyo tuliyoipitia. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, na hali ya dharura ikaondolewa tarehe 5 Mei 2023, ingawa kirusi chenyewe hakikuondoka. Kila janga lina tabia yake. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliua vijana wengi wa miaka 20 hadi 40, wakati korona iliwaelemea zaidi wazee na wenye kisukari, presha, maradhi ya moyo, mapafu na figo. Kwa hiyo ukisikia ugonjwa mpya, swali la kwanza ni nani unamuumiza zaidi na unaenea vipi. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza.

Hatua ya 1: Zungumza naye kabla ya kumpangia

Mwaka 2020 wengi wetu tuliwageuza wazazi wetu wafungwa, kwa nia njema kabisa. Tuliwakataza kutoka, tukawazuia wageni, tukapanga zamu za kuwapelekea mahitaji, yote bila kuwauliza. Mtu aliyelea familia nzima hapendi kuambiwa "kaa hapo usitoke". Akiona hasikilizwi atakuitikia, kisha atatoka kimyakimya ukiwa umeondoka, na hapo utakuwa umepoteza hata habari za alikokwenda.

Muulize: ni kitu gani ukikikosa siku yako inaharibika? Mmoja atasema ibada, mwingine bustani yake, mwingine soga na rafiki yake wa miaka arobaini. Hicho ndicho cha kutafutia njia. Soga inaweza kuhamia nje, viti viwe mbalimbali. Ibada inaweza kuwa ile ya saa isiyo na watu wengi. Ukimwachia hicho kimoja, atakubali mengine kwa urahisi zaidi.

Mkiwa ndugu wengi, mteueni mmoja wa kuzungumza na daktari na kuwapa wengine habari. Daktari akipigiwa simu na watu watano atatoa majibu matano mafupi, na mzee atabaki katikati ya mabishano.

Hatua ya 2: Andika hali yake ya kawaida akiwa mzima

Tafuta daftari la kawaida. Kwa wiki moja au mbili, kila asubuhi, andika joto la mwili, presha, sukari kama ana kisukari, na kiwango cha oksijeni kama mna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Uzito unatosha mara moja kwa wiki.

Namba hizo zina maana zikipimwa vizuri. Kwa presha, akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Kwa oksijeni, futa rangi ya kucha, pasha vidole joto kama vimepoa, kisha subiri kama dakika moja hadi namba itulie. Ya kwanza kutokea usiiandike. Ujue pia kwamba kifaa hiki kinaweza kusoma juu ya ukweli kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Ndiyo maana namba inayoshuka siku baada ya siku inakuambia mengi kuliko namba moja pekee.

Kisha andika mambo ambayo mashine haiyaoni. Anatembea hadi wapi kabla ya kupumzika? Anaamka mara ngapi usiku? Anamaliza sahani au anabakiza? Anakumbuka jana alikuja nani? Kwa wazee, maambukizi mara nyingi huanzia hapa: kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka, kukataa chakula, usingizi wa mchana kutwa. Homa inaweza kuchelewa au isije kabisa, na joto lililopanda nyuzi 1 au zaidi juu ya kawaida yake lipewe uzito hata kama halijafika 38.

Ukiwa mbali naye, usiulize "uko salama?" Wazee hujibu "salama" hata wakiwa hoi. Uliza yanayohitaji maelezo: umekula nini leo, umelalaje, umefika wapi ulipotoka. Sikiliza pumzi kati ya maneno. Mtu anayemeza hewa katikati ya sentensi fupi amekwisha kukujibu.

Hatua ya 3: Mwaga dawa zote mezani

Fanyeni hili pamoja, mkiwa na nafasi. Toa kila chupa, kila pakiti, pamoja na zile za droo ya kitandani. Mara nyingi utakuta dawa zilizokwisha muda, au dawa moja yenye majina mawili ya kibiashara ambayo mzee anazimeza zote mbili. Andika orodha: jina la dawa, kipimo, saa, inatibu nini, nani aliiandika. Ipige picha uwatumie ndugu wote. Zile zenye shaka mpelekee mfamasia.

Omba daktari aandike dawa za mwezi mzima au zaidi ili kupunguza safari, ila usirundike hadi wengine wakose. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigusane na barafu. Ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Inayotumika hukaa nje ya friji, mahali pasipo na joto kali, kwa takriban wiki 4, ingawa aina hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi yake.

Mzazi asiache dawa kwa sababu ya habari ya mtandaoni. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ulizuka uvumi kwamba dawa za presha ambazo majina yake huishia na "-pril" au "-sartan" zinaongeza hatari ya korona. Utafiti uliofuata haukuona sababu ya kuziacha. Presha iliyoachiwa haikuhitaji kirusi ili ilete kiharusi.

Kuwa mwangalifu na dawa za dukani. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuumiza figo, hasa kwa anayetumia dawa za presha au aliyepungukiwa maji. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo ukiongeza vidonge vya parasetamoli umezidisha kipimo bila kujua. Baadhi ya dawa za kuzibua pua hupandisha presha.

Hatua ya 4: Chanjo

Kinga ya mwili huzeeka kama magoti yanavyozeeka. Ndiyo sababu nchi nyingi zilianza na wazee: Margaret Keenan, aliyekuwa na miaka 90, alidungwa chanjo ya Pfizer mjini Coventry, Uingereza, tarehe 8 Desemba 2020, wa kwanza duniani kuipata nje ya majaribio. Kinga hiyo hupungua kwa muda, hivyo uliza kuhusu dozi za kuongeza nguvu. Uliza pia chanjo ya mafua na ile ya nimonia inayosababishwa na bakteria, maana wakati wa janga hutaki mzee apelekwe hospitali kwa ugonjwa ambao ungezuilika.

Akikataa, usimzidi kwa maneno. Mwulize amesikia nini na amekisikia kwa nani. Mara nyingi kuna kisa cha mtu anayemjua, na anahitaji kukisimulia hadi mwisho kabla ya kusikia lolote lingine. Kisha mtafute mhudumu wa afya anayemwamini, wazungumze wao wawili.

Hatua ya 5: Hewa kwanza, kisha mengine

Tulipoteza muda mwingi kufuta mifuko ya sokoni huku madirisha yamefungwa. Korona husafiri zaidi kwenye hewa tunayopumua. Fikiria moshi wa sigara: ungejaa kiasi gani katika chumba hiki, na ungetoka wapi? Fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Wageni mkutane nje. Ikiwa lazima waingie, wakae muda mfupi na wavae barakoa inayofunika pua na kushika uso bila mwanya pembeni. Barakoa za aina ya N95 huzuia zaidi kuliko za kitambaa.

Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kunabaki muhimu, kwa korona na kwa magonjwa mengine mengi. Kitakasa mikono kiwe na alikoholi isiyopungua asilimia 60.

Katika nyumba ya mzee asiyetoka, ugonjwa huletwa na sisi tunaoingia na kutoka. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa tahadhari ubebwe na wenye miguu. Ukijisikia vibaya, hata koo tu kuwasha, usiende. Panga mapema nani atashika zamu yako siku hiyo, la sivyo utakwenda kwa kuona aibu ya kumwacha.

Kama masikio yake yamepungua nguvu, barakoa yako imemnyang'anya midomo aliyokuwa akiisoma. Mtazame usoni, punguza kasi, sauti iwe nzito badala ya kelele, na weka karatasi na kalamu karibu. Anayepoteza kumbukumbu naye, usimwambie "nenda kanawe". Nenda naye, nawa pamoja naye, kila mara kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 6: Mwili usikae bure

Hatari hii huja taratibu na hakuna anayeipigia kelele. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Sasa piga hesabu ya miezi ya kukaa ndani.

Zoezi la kwanza ni kusimama na kuketi. Egemeza kiti imara ukutani. Aketi karibu na ukingo, nyayo zikanyage sawasawa, ainame mbele kidogo, asimame, kisha aketi polepole bila kujibwaga. Afanye mara 5, apumzike, arudie. Mwanzoni ashike mikono ya kiti. Siku atakayoweza bila kushika, iandike kwenye daftari. La pili ni la usawa wa mwili, ili asiyumbe: asimame kando ya meza nzito, mguu mmoja mbele ya mwingine kama aliye kwenye mstari, sekunde 10, kisha abadilishe. Ukae karibu naye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na usawa siku 3 au zaidi. Asiyefika huko afanye anachoweza. Dakika 10 zinahesabika.

Misuli haijengwi bila protini. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60, igawanywe katika milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiwango cha daktari wake. Kiu nayo hufifia uzeeni, basi usingoje aombe maji. Mkojo wa rangi iliyokolea na midomo mikavu vinakuonya. Ila kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo, fuata kipimo hicho.

Hatua ya 7: Mpe mtu wa kumtegemea yeye

Upweke hauponi kwa simu za kuulizwa "umekunywa dawa?" Kwa mzee zinageuka kuwa ukaguzi. Mama yangu alichangamka tulipomkabidhi kazi: kila asubuhi awapigie rafiki zake watatu walioishi peke yao, kisha aniambie nani sauti yake haikumridhisha. Akaanza kunipigia yeye kabla sijampigia. Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Alimgundua mmoja aliyekuwa hajala siku mbili.

Piga simu saa ile ile kila siku, hata kwa dakika tano. Taarifa za habari ziwe mara moja kwa siku, zisiwake kutwa. Kama amefiwa na hakuweza kuzika, usimharakishe. Mwache azungumze juu ya marehemu, mtafute namna ya kumuaga wenyewe. Ikipita wiki mbili hana hamu ya kitu alichokipenda, hapati usingizi, hataki chakula, au anasema hana faida tena, hiyo ni sonona na inatibika. Mwone daktari.

Mwonye pia juu ya matapeli wanaouza tiba za siri kwa simu au kuomba namba ya siri ili "kumwandikisha chanjo". Mkubaliane neno moja: atawajibu "nitamuuliza mwanangu kwanza", kisha akate.

Hatua ya 8: Tayarisha mfuko na maneno

Mfuko ukae mlangoni: orodha ya dawa na mzio, vyeti vya hospitali, kadi ya bima, miwani, kifaa cha kusikilizia, meno ya bandia, simu na chaja, namba za ndugu zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Katika janga unaweza kuzuiwa kuingia wodini. Mzee asiye na miwani wala kifaa chake cha masikio, akizungukwa na watu waliofunika nyuso, huchanganyikiwa upesi.

Sehemu ngumu ni kumuuliza matakwa yake. Nani aamue kwa niaba yake asipoweza kusema? Kuna matibabu asiyoyataka? Kwetu nilichukua wiki nzima kulitamka, na mama akanijibu kana kwamba alikuwa akiningoja. Andikeni aliyoyasema, na kama sheria ya nchi yenu inataka hati maalumu ya kumteua msemaji, itengenezwe angali mzima.

Hatua ya 9: Akiugua

Mpe chumba chenye dirisha wazi. Mhudumu awe mmoja, asiye na maradhi sugu ikiwezekana, wote wawili wavae barakoa wanapokuwa pamoja. Piga simu kwa daktari siku ya kwanza, si ya tano. Kwa korona kuna dawa za kupambana na kirusi chenyewe kama Paxlovid ambazo lazima zianze ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza, na zinagongana na dawa nyingi za wazee, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli na za kuzuia damu kuganda. Orodha ya hatua ya 3 ndiyo itakayomwokolea daktari muda.

Pima joto na oksijeni angalau mara 3 kwa siku. Usilegee kwa sababu siku nne za kwanza zilikuwa nafuu. Wengi huzidiwa kati ya siku ya 5 na ya 10, na oksijeni inaweza kushuka mtu akiwa ameketi anaongea, wala halalamiki. Ikishuka chini ya 94, mpigie daktari mara moja. Ikifika 90 au chini yake, ni dharura. Mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi huenda kawaida yake iko chini, kwa hiyo uliza mapema mipaka yake.

Usingoje namba yoyote ukiona haya:
- anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi
- midomo au kucha zimebadilika rangi, kuwa za buluu au kijivu
- kifua kinabana au kuuma bila kuacha
- amechanganyikiwa ghafla, au haamshiki
- hakojoi, au hawezi kushusha hata maji

Akiwa nyumbani, aketi wima kadiri awezavyo, alale kwa ubavu akibadilisha pande, asikae chali kutwa. Anyweshwe kidogo kidogo. Antibayotiki hazigusi kirusi. Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini, nazo zisitolewe nyumbani kwa kubahatisha: majaribio ya RECOVERY nchini Uingereza yalionyesha Juni 2020 kwamba mojawapo, deksamethasoni, iliokoa maisha ya waliohitaji oksijeni, lakini haikuwafaa ambao hawakuihitaji.

Na magonjwa mengine hayakuchukua likizo. Watu walikaa na kiharusi na mshtuko wa moyo nyumbani kwa kuogopa kuambukizwa hospitalini. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakivurugika, nenda saa hiyo hiyo, janga liwepo lisiwepo.

Hatua ya 10: Mhudumu naye ana mwili

Lala. Meza dawa zako mwenyewe. Omba ndugu kitu mahususi, si "mnisaidie", bali "Jumamosi usiku ni zamu yako". Ukianza kumfokea mzee kwa jambo dogo, umechoka kupita kiasi. Toka nje, mtafute wa kukupokea siku hiyo.

Hatua ya 11: Baada ya kupona

Kipimo kikionyesha hana ugonjwa, daftari liendelee. Rudini kwenye ukurasa wa kwanza: alikuwa anatembea hadi wapi, anasimama kitini mara ngapi? Mrudishe taratibu, dakika chache kila siku, na siku inayofuata akichoka kupita kiasi mpunguzie. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, huenda damu imeganda, mpeleke hospitali bila kusubiri kesho. Uchovu, kukosa pumzi au usahaulifu ambao bado upo miezi 3 tangu augue unahitaji kliniki, asiambiwe ni uzee tu. Halafu hesabu miadi yote iliyorukwa, ya macho, meno, sukari na presha, uanze na ile iliyochelewa zaidi.